Adui wa Ukurasa wa Kumi na Saba

Alikotoka sitaandika. Wala jina la baba yake, wala lugha aliyozungumza na mama yake mzazi. Watu wa Migosi, mtaa aliokaa hapa Kisumu, waliyataka hayo siku moja, wakayataka kwa makelele, na mimi nilikuwa na nafasi ya kuwajibu nikajibu vibaya. Basi hapa hayamo. Anayetaka kumjua mtu kwa ukoo wake akatafute mwandishi mwingine. Mimi mambo hayo yamenichosha.

Nitakachosema ni kwamba alikuwa fundi wa cherehani, na kwamba kwa miaka minne hivi, katikati ya miaka ya themanini, alikuwa adui katika kitabu cha picha kilichotoka kila mwezi. Si adui mkubwa. Adui mkubwa alikuwa mwenye duka mmoja mnene wa mjini, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti, kuvuta sigara na kutoa amri. Huyu wangu alikuwa yule anayetumwa. Mpiga mishale. Alitokea ukurasa wa kumi na saba, akaruka kutoka juu ya jabali, akapiga mishale yake mitatu, na kufika ukurasa wa ishirini na mbili alikuwa tayari amefungwa pingu, au ameanguka mtoni, au anakimbia akishika bega. Mwezi uliofuata alirudi mzima, na hakuna msomaji aliyeuliza amefunguliwa na nani.

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha. Nilikuwa na studio karibu na soko la Kibuye, na bado ninayo, ingawa siku hizi ni picha za pasipoti na za watoto waliobatizwa. Vitabu vile vilitengenezwa hivi: watu walivaa, wakasimama mahali, wakajifanya wanapigana, nami nikapiga picha. Nilizisafisha, nikampa Mhariri, akazipanga kwenye karatasi kubwa, akaandika maneno juu ya vichwa vya watu, kisha akaondoka nazo kwa treni kwenda kuzichapisha Nairobi. Kitabu kilirudi baada ya wiki tatu, wino unachafua vidole, na Kisumu nzima ikasoma. Karani alisoma, mama wa samaki alisoma, padri alisoma akakificha.

Katika hadithi aliitwa Podo, jina ambalo Mhariri alilitoa kwenye kamusi na ambalo hapa kwetu hakuna aliyejua lina maana ya mfuko wa mishale. Watu hawakuhangaika nalo. Walimwita Adui. "Adui, suruali yangu iko tayari?" "Adui, habari ya nyumbani?" Hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo. Yeye aliitika bila shida.

Kazi yake hasa ilikuwa kukosa, na hili watu hawakulielewa. Shujaa wetu, Inspekta, alikuwa karani mwenye sura nzuri sana na woga mwingi. Mhariri alitaka mshale uonekane umechomeka kwenye mti, kando ya sikio la Inspekta, nafasi ya kiganja kimoja. Jambo rahisi lilikuwa kuuchomeka kwa mkono kisha kumpanga Inspekta kando yake. Adui alikataa katakata.

"Msomaji ataona," alisema. "Mshale umepigwa unaingia na hasira. Hii yenu imekaa tu kama msumari ya kutundika koti."

Kwa hiyo alipiga kweli. Alihesabu hatua arobaini, akageuka, akavuta. Inspekta alisimama kwenye mti amefumba macho.

"Fungua macho, Inspekta!" Mhariri alipiga kelele.

"Macho gani, yawa! Mimi niko na watoto!"

Katika miaka minne hakuna aliyechubuka hata ukucha. Nilimuuliza mara moja kama hakuogopa. Alinitazama kwa lile jicho lake moja lililokuwa dogo kuliko lingine kwa ajili ya kulenga, akasema, "Picha, kupiga mtu ni rahisi, mtu ni mkubwa. Kumkosa ndio kazi." Mimi aliniita Picha. Sijui kama alilijua jina langu.

Usidhani alikuwa mtu mtaratibu. Alikuwa na maringo. Masharubu yake aliyachana kwa kichana kidogo cha plastiki kabla ya kila picha, na jua likianza kushuka mimi nalia na mwangaza, yeye bado anachana. Alikuwa mchoyo wa mkasi wake. Jirani angeweza kumwomba chumvi, unga, hata kitanda, akapewa, lakini mkasi hapana. Alikuwa na mdomo. Mteja akirudi na suruali iliyobana, alimwambia mbele ya watu, "Mimi nilishona sawa. Ni wewe umeendelea kula." Na akikasirika aliweka kinyongo. Mama mmoja aliwahi kumwambia vifungo vyake vinang'oka haraka, na mwaka mzima alimshonea vifungo kwa nyuzi nyingi kiasi kwamba mtoto hakuweza kufungua shati akalala nalo.

Lakini kuku alikuwa hawezi kuchinja. Mkewe ndiye aliyechinja, na yeye alizunguka nyuma ya nyumba akaanza kukagua ukuta kana kwamba ni mwenye nyumba. Damu hakuweza kuitazama hata ya uongo. Tulitumia wino mweusi, maana picha hazikuwa za rangi, na bado alipoona shati la Inspekta limelowa aligeuza uso. Picha nyingi ambamo Adui anaonekana ametazama pembeni kwa dharau, wasomaji wakasema huyu mtu ana roho mbaya kweli, ni kwamba alikuwa anataka kutapika.

Mashine yake ilikaa barazani kwake Migosi, na alishona sare za shule. Kanda ya kupimia aliivaa shingoni lakini sikumwona akiitumia sana. Alimtazama mtoto mara moja, akaandika namba tatu kwenye pakiti ya sigara, na sare ikamkaa. Uzi aliuingiza kwenye sindano kwa mara ya kwanza, kila siku, na alipofanya hivyo alitazama kando kuona kama kuna mtu ameshuhudia.

Mwanzoni akina mama walikataa watoto wao wapimwe na yeye. Nilikuwepo siku moja, nimepeleka koti. Mama mmoja wa Ahero alifika na binti yake, akamwona, akasimama hatua tano.

"Huyu mtu namjua. Alichoma Inspekta kwa bega."

"Mama, hiyo ni kitabu," Adui akasema.

"Hata kama ni kitabu. Mwenye alichoma si ni wewe?"

Tulicheka sana, mimi na wateja wengine. Adui pia alicheka, kisha akamshonea yule binti sketi nzuri kuliko zote alizoshona mwaka huo, na pindo la akiba chini ili akue nayo. Yule mama akawa mteja wake wa kudumu. Sisi wengine tuliendelea kuisimulia hadithi hiyo kwenye vilabu kama kichekesho. Mimi mwenyewe niliisimulia mara nyingi, na niliiga sauti ya yule mama.

Kanisani aliimba besi. Sauti yake ilikuwa nzito hadi madirisha yalijibu. Walipotafuta mzee mpya wa kanisa jina lake lilitajwa, likazungushwa, likaachwa. Mchungaji alimwita kando akamwambia kwa upole kwamba watoto wa shule ya Jumapili wangechanganyikiwa. Aliniambia habari hiyo huku anakata kitambaa, hakuinua kichwa. "Hiyo ni shauri ya mwenye kitabu," alisema. Ndivyo alivyosema kila jambo lilipoharibika. Mvua ikinyesha siku ya kupiga picha, shauri ya mwenye kitabu. Mtoto wao alipofariki akiwa na miezi minane, nilikwenda kumpa pole, na alisema vilevile, na sikujua safari hii alimaanisha nani.

Alikuwa na ombi moja tu kwa Mhariri, na alilirudia kila mwezi bila aibu. Alitaka kushinda mara moja.

"Mwezi mmoja, Bwana Mhariri. Mwezi ujao unishike, unifunge, unitupe ziwani Lolwe nikaliwe na mamba. Lakini mwezi mmoja niende zangu na ushindi."

"Ukishinda wewe, nani atanunua?"

"Mama yangu."

Mhariri hakukubali. Halafu mwenye mashine za kuchapisha alifunga duka lake Nairobi na kitabu kikafa hivyo hivyo. Toleo la mwisho lilikuwa harusi ya Inspekta. Nilipiga picha za watu wengi wamevaa vizuri, hata adui mkubwa alikuwepo amesamehewa, ana kipande cha keki. Adui hakuwa kwenye hadithi. Alikuja tu kututazama, akiwa amevaa suti aliyojishonea, akasimama nyuma ya kamera karibu nami tangu asubuhi hadi saa kumi. Tulipokuwa tunakunja vitu aliuliza polepole, "Kwani mimi hata kadi sikupata?"

Nimecheka nikiandika hili. Sijui kwa nini, maana si la kuchekesha.

Sasa kuna picha moja. Tuliipiga kule ambako uwanda wa Kano unaishia kwenye miinuko, ng'ambo ya Ahero. Hadithi ya mwezi huo ilitaka Adui awe na jeshi lake. Tukawaomba wafanyakazi sita wa mashamba ya mpunga watupe siku moja. Adui aliwashonea vitambaa vyeusi vya kufunika kichwa na uso kutokana na miavuli iliyokufa, akawakatia fimbo zifanane na pinde. Walipanga mstari juu ya mawe nyuma yake. Yeye alikuwa mbele, amevuta upinde wake wa kweli, kile kijicho kimelenga, kilima nyuma yao kina wingu moja. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Niliikuza ikawa kubwa, nikaitia fremu, nikaiweka kwenye dirisha la studio. Ilikaa pale miaka sita ikiniletea wateja.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini zikaja zile fujo za kikabila kule mpakani, chini ya miinuko. Sina nguvu za kuzieleza, waliokuwepo wanazijua. Watu walishuka Ahero na magodoro kichwani na kuku mkononi, na wengine wakafika mjini kwa ndugu zao. Wengine walikuja na vidonda vya mishale. Ghafla neno mshale, ambalo kwa miaka yote lilikuwa neno la kitabu, likawa neno la hospitali. Mimi nilikuwa napita kila asubuhi mbele ya dirisha langu mwenyewe, na haikunijia akilini kuitoa picha ile. Hilo najiuliza kila siku na bado sijapata jibu.

Mwanamume mmoja mkulima, mkono umefungwa bandeji, alisimama dirishani asubuhi moja. Nilimwona kupitia pazia la chumba cha giza nikiwa nasafisha filamu. Alisimama muda mrefu. Nilipotoka alikuwa ameondoka. Saa saba na nusu alirudi na mzee wa mtaa wa kule Migosi, na nyuma yao wanaume labda kumi na tano, wakajaa mlangoni mpaka studio ikawa giza.

"Hii kilima ni yetu," yule mkulima alisema akionyesha picha. "Nimezaliwa chini yake. Nyumba yangu ilichomwa hapa, nyuma ya hii jiwe."

Mzee wa mtaa alikuwa mtu mtulivu. Suti aliyovaa siku hiyo ilishonwa na Adui. Aliniuliza, "Bwana, hii picha ulipiga wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Huyu mbele si fundi wa kwetu?"

"Ni yeye."

"Na hawa wenye nyuso zimefunikwa?"

Hapo niseme wazi kilichokuwepo, ili msomaji asinionee huruma. Chini ya kaunta yangu kulikuwa na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na vitabu vyote vya miaka minne, kila toleo. Kila toleo lilikuwa na ukurasa wa kumi na saba, na mojawapo lilikuwa na picha ile ile, kilima kile kile, na maneno ya Mhariri juu ya kichwa cha Adui: "Leo hutoki, Inspekta!" Sanduku lilikuwa linagusa goti langu. Ilikuwa ni kuinama tu.

Kabla sijainama mtu mmoja wa nyuma alisema, "Na huyu mwenye studio, kwao ni wapi?"

Mimi pia ni jadak, mtu wa kuja. Nilikuja Kisumu kutafuta kazi kama wengi, nikaoa hapa, nikazaa hapa, na mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi kwa sauti ile. Nilifikiri: nikisema nilikuwepo, nikisema nilipanda nao kilimani, nikisema hawa sita tuliwatafuta sisi, watu hawa watasikia nusu. Nikafikiri habari ya watoto wangu wanne. Nikafikiri vioo vya studio.

Nikasema, "Mimi napiga picha tu, mzee. Mtu akija, napiga. Mambo yao siyajui."

Mzee wa mtaa alinitazama. Naamini alikuwa anangoja niongeze. Watu wengine wawili pale mlangoni walikuwa wasomaji wa kitabu, nawajua, mmoja aliwahi kuniomba nimpe saini ya Inspekta. Nao walitazama chini. Kisha sauti ikasema, "Si hata anaitwa Adui?" na wote wakaanza kuongea pamoja.

Walitoka na picha yangu, fremu na kioo chake.

Mambo ya alasiri ile sikuyaona kwa macho, maana nilifunga studio nikaenda nyumbani kwa njia ya nyuma. Niliambiwa. Waliingia kwa fundi saa tisa. Waliukuta upinde umetundikwa ukutani juu ya mashine, na hapo hata waliokuwa na shaka waliacha. Mashine ilitupwa mtaroni. Sare za shule za muhula mzima zilikanyagwa, na baadaye wenye watoto walikuja kuziokota wakitafuta zao. Mzee wa mtaa alisimama mlangoni amenyoosha mikono, akapigwa kofia ikaanguka, lakini hakuondoka mpaka fundi na mkewe walipopita nyuma yake wakatoka. Hawakuuawa. Watu husema hivyo wakitaka kunifariji. Walitoka na nguo za mwilini, yeye na viatu vya ndani, wakalala kanisani siku mbili, kisha muumini mmoja akawapa chumba nyuma ya maduka ya Kisian.

Dirishani niliweka picha ya bibi harusi.

Kisian si mbali. Asubuhi ungeenda, ukanywa chai, ukarudi kufungua studio kabla ya wateja. Nilimaliza miaka sita sijakwenda. Nilipopata kazi ya harusi za upande wa Busia nilikuwa napita pale nikijifanya natafuta kitu kwenye mfuko wa kamera. Nilichoka. Si uchovu wa kulala ukaisha, ni ule wa kuamka nao. Mke wangu alidhani ni sukari, akanipeleka kupimwa.

Halafu asubuhi moja mkewe aliingia studio. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa nyeupe mbele. Nilisimama. Nilidhani amekuja kunitukana, na kusema kweli nilifurahi kidogo.

"Bwana Picha, habari ya siku nyingi."

"Nzuri, mama. Karibu. Keti."

"Sikai. Fundi ni mgonjwa. Anataka picha. Amesema asije mtu mwingine."

Nilichukua kamera. Halafu nikainama chini ya kaunta nikatoa lile sanduku, nikalifunga kwa kamba, nikaenda naye.

Alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali, anashona pindo la pazia kwa mkono. Masharubu yalikuwa yamechanwa. Mwili mwingine wote ulikuwa umekwisha. Vidole ndivyo vilivyobaki vya kwake.

"Omera, Picha. Umenenepa. Hiyo suruali inaomba msaada."

"Fundi wangu alihama," nikasema, na mara ile nikatamani ardhi inimeze.

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Mkewe alimshika mgongo. Alipopata pumzi alisema alichotaka bila kuzunguka. Daktari alikuwa amesema maneno mengi, na mkewe alikuwa ameyaelewa. Watu watakuja matanga. Mbele ya jeneza huwekwa picha ya mtu. "Sasa mimi," alisema, "picha zangu zote niko na upinde. Mchungaji atahubiri aje hapo? Nipige moja ya fundi. Fundi tu."

Nilimpiga kumi na mbili. Ilikuwa kazi. Kila nilipoinua kamera kile kijicho kilijikunja chenyewe, kidevu kikashuka, akawa yule wa kilimani.

"Uso, bwana. Legeza uso."

"Nimelegeza."

"Bado unataka kumuua Inspekta."

"Aah, huyo hata sasa nikimpata!" Na hapo alicheka vizuri, na nikaipata. Ni picha ya mzee anayecheka na sindano mkononi.

Kisha nilifungua sanduku. Sikuwa nimepanga maneno. Alitoa vitabu kimoja kimoja, akavipangusa kwa blanketi, akaenda moja kwa moja kwenye kurasa zake. Alimwonyesha mkewe, "Tazama hii, tazama mguu wangu ulivyoruka." Alimcheka Inspekta. Alipofika kwenye lile toleo la kilima alilishika mbali kidogo, akalisoma. Hakuniangalia.

"Zilikuwa wapi siku ile?"

"Chini ya kaunta."

"Aah."

Akageuza ukurasa. Nikamwambia anisamehe. Nilisema kwa sauti, mbele ya mkewe na mbele ya mwanamke mwingine aliyekuwa anauza nyanya pale karibu. Nilisema niliogopa. Alitikisa kichwa taratibu, si kukataa wala kukubali, kama mtu anayesikiliza vipimo vya nguo.

"Nimesikia, Picha," alisema. "Niachie hizi vitabu nimalize kusoma." Na akaendelea kusoma. Nilikaa mpaka ikawa wazi kwamba hakuna zaidi. Nikaaga, akanipa mkono, mkono mkavu na mwepesi, macho yakarudi kitabuni.

Mkewe alinisindikiza hadi barabarani, ndivyo inavyofaa mgeni asindikizwe. Tulisimama kando ya lami tukingoja gari. Lilichelewa. Nilitaka kusema kitu cha kuupitisha muda, nikamwambia nilisikitika sana habari ya mashine, na vyombo, kwamba walitoka bila hata kikombe. Nikauliza, kwa ujinga wangu, kama siku ile hawakupata mtu wa kuwaambia mapema kuna hatari.

"Tulipata," alisema. "Saa nane mtoto wa jirani alikuja akikimbia, akasema wako kwa studio na picha. Nikaanza kufunga vitu. Nikatoa mashine kwa meza, nikaita mkokoteni. Fundi alinikataza."

"Kwa nini?"

"Alisema wamekwenda kwako, wewe uko na vitabu vyote. Alisema utawaonyesha, halafu utakuja hapa na wao wakicheka." Alinyoosha kitenge chake mabegani, akatazama barabara. "Akarudisha mashine kwa meza mwenyewe. Akaniambia niweke maji kwa moto, Picha anakuja na njaa. Nikapika ugali ya watu watatu."